TUNALEA HUKU TUKISUBIRI JIBU

Mama mmoja mkazi wa Mpanda, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alialikwa na klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari azungumze nao. Haya ndiyo aliyowaambia.

 

Leo sikuja kuzungumzia ugonjwa mnaoujua. Malaria mnaijua, kipindupindu mnakijua, kifua kikuu na UKIMWI mmevisoma katika Baiolojia na mabango yake yapo ukutani. Mimi nimekuja kuzungumzia hali isiyo na bango. Nyumbani kuna mtoto anaumwa. Daktari anasema, "Inawezekana ni ugonjwa fulani, lakini bado hatujathibitisha." Sasa hapo mnafanyaje? Maana kesho lazima mpike, mwende shule, mlale, na mtoto yupo pale pale anawaangalia.

Mwanangu wa mwisho ana miaka 6. Tangu alipokuwa na miaka 3 hivi, tumbo linamjaa gesi, anaharisha wiki nzima, linatulia, halafu linaanza tena. Choo chake ni kingi, kina harufu kali, na mara nyingine kinaelea. Vidonda vya mdomoni haviishi. Akipimwa damu ni pungufu. Akipewa dawa za kuongeza damu inapanda kidogo tu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulipanda vizuri, kisha ukalala. Watoto waliozaliwa mwaka mmoja naye wamempita kimo.

TULIANZA NA YALIYO KARIBU

Daktari hakuanza na magonjwa ya nadra, na alifanya vizuri. Alipima choo kutafuta minyoo, amiba na giadia. Alipima malaria. Alipima virusi vya UKIMWI, akachunguza kifua kikuu. Aliniuliza mtoto anakula nini asubuhi, mchana na jioni, na maji ya kunywa tunayatoa wapi na kama tunayachemsha. Msione haya maswali kama ni ya kudharau. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, takriban 30 wamedumaa. Wengi wao hawana ugonjwa wa ajabu. Wana mlo usiotosha au wa aina moja, na wanaharisha mara kwa mara kwa sababu ya maji na vyoo vibaya.

Yote hayo yalipotafutwa na kutibiwa, na mtoto bado yuko vile vile, ndipo daktari mwingine katika hospitali kubwa nje ya mkoa wetu alipotaja jina ambalo sikuwahi kulisikia: siliaki.

SILIAKI NI NINI?

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyuzi vidogo sana, kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kufyonza chakula kilichosagwa kiingie kwenye damu. Katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Hiyo ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike. Kwa watu wengi gluteni haina neno. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili inaiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo inaharibu vile vijinyuzi. Taulo linabaki kipara. Mtoto anakula, lakini chakula kinapita tu.

Siliaki haiambukizi. Si kosa la mama wala la baba. Inatokana na urithi pamoja na gluteni yenyewe, na mtu anaweza kuanza kuugua utotoni au ukubwani. Ulaya wanakadiria mtu 1 kati ya 100 anayo. Msidhani ni ya Wazungu peke yao: uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 kwa watoto Wasaharawi, Waafrika walioko katika kambi za wakimbizi Algeria, ulikuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanayo. Watu hao hula ngano kwa wingi.

Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha kabisa ngano, shayiri na rai maisha yote. Hapo utumbo unapona taratibu na mtoto anaanza kukua.

"SASA MAMA, SI TUMWACHISHE TU CHAPATI?"

Hilo swali aliniuliza binti yangu mkubwa, yuko kidato cha pili. Ni swali la akili. Nami ningependa mlielewe jibu lake, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote.

Siliaki inatafutwa kwa kupima damu kuona kingamwili maalumu. Kisha, mara nyingi, mtoto huingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi kwenye utumbo, na hukatwa vipande vidogo sana vya nyama vya kuangaliwa kwa hadubini. Kama kingamwili zimepanda sana, zaidi ya mara 10 ya kiwango cha kawaida, madaktari wa watoto wa Ulaya siku hizi wanakubali kuthibitisha kwa kipimo cha pili cha damu bila kukata nyama. Za mwanangu zilipanda kidogo tu. Kwa hiyo ni "inawezekana". Inabidi aangaliwe utumbo.

Lakini vipimo vyote hivi vinaonyesha uharibifu unaofanywa na gluteni. Mtoto akiacha ngano kabla ya kupimwa, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na kipimo kinaweza kusema hana kitu wakati anacho. Mwongozo wa Uingereza unasema mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa.

Mmeona mtego huo? Sisi Katavi chakula chetu ni ugali wa mahindi, wali, mihogo, viazi vitamu, maharage, karanga, na samaki wa Ziwa Tanganyika. Mtoto wetu anaweza kumaliza wiki bila kugusa ngano. Kwa hiyo mimi, mama, ninamkaangia chapati asubuhi na kumpa mkate jioni, nikijua inawezekana kabisa ndicho kinachomuumiza. Anakula, anafurahi, na usiku analia tumbo. Namkanda. Binti yangu ananiangalia kwa jicho ambalo nalifahamu. Nilimwambia hivi: "Mwanangu, tukimwachisha leo tutapumua mwezi mmoja, halafu tutabahatisha miaka 60."

Daktari alisema pia kuwa akizidiwa, akatapika, akaharisha mfululizo au akalegea, tusisubiri tarehe. Tumpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tumpeleke hospitali mara moja. Kusubiri kipimo si kuacha mtoto ateseke bila mpango.

NDIZI ZA DAKTARI HAAS

Kuna wanaosema, "Kipimo cha nini? Mwachishe, ukiona nafuu umeshajua." Sikilizeni hadithi hii ya kweli. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York, Marekani, alitangaza kuwa watoto wa siliaki wanapona kwa kula ndizi. Na kweli, watoto waliokuwa hoi walinenepa. Dunia nzima ikaamini ndizi ni dawa. Kumbe mlo wake ulikuwa umeondoa mkate. Ndizi hazikuponya mtu. Kilichosaidia ni kile kilichokosekana kwenye sahani. Waliodhani wamepona waliporudia mkate, waliumia tena.

Aliyegundua mchawi ni nani alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alianza kuitilia shaka ngano miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya vita katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika nchini kwake. Watoto wake wa siliaki wakapata nafuu wakati watu wengine wanakonda. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliandika matokeo ya majaribio yake kwa utaratibu, na ndipo dunia ikaanza kujua.

Funzo lake ni kwamba nafuu peke yake haikuambii sababu. Tumbo la mtoto linaweza kutulia kwa sababu giadia imetibiwa, au maji sasa yanachemshwa, au ameacha maziwa yasiyomkubali. Ukisema "ni ngano" bila kuthibitisha, unaweza kumfunga mtoto maisha yake yote bure. Vibaya zaidi, unaweza kuacha kutafuta ugonjwa wa kweli, mathalani kifua kikuu cha tumbo.

MANENO YA WATU

Mkiwa na ugonjwa usio na jina, kila mtu anawaletea jina lake. Wapo waliosema amelogwa. Jirani mmoja, mtu mwema tu, alinishika mkono akasema mtoto ana meno ya plastiki, nimpeleke kwa mtu ang'olewe. Jamani, meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni jino changa la mtoto lililo ndani ya fizi, mara nyingi kwa kifaa kichafu. Watoto wamepata tetenasi, wamevuja damu, wamekufa. Nilimshukuru jirani kwa kumjali mwanangu, nikamwambia hapana.

Na bibi yake anauliza kila akija, "Huyu mjukuu wangu mnamlisha kweli?" Hilo linauma kuliko yote. Lakini nilimweleza, "Mama, chakula anakula, ila hakifiki. Tunatafuta kinakwama wapi." Siku hizi yeye ndiye anayewaelezea wengine.

Halafu kuna fedha. Kuangalia utumbo kunahitaji hospitali kubwa. Sisi tumeandikiwa rufaa ya hospitali ya kanda, na hiyo ni safari ya basi ya kupita Sumbawanga hadi Mbeya, nauli ya watu wawili, malazi na vipimo. Tunaweka kidogo kidogo, na tarehe tumeshapangiwa.

NINYI MNAINGIAJE HAPA?

Mnaingia, tena sana. Katika nyumba zetu mama akiwa kazini au shambani, anayempikia mtoto ni dada au kaka, yaani ninyi. Kwa hiyo:

1. Andikeni. Binti yangu ana daftari. Kila siku anaandika mtoto amekula nini, amepata choo mara ngapi, tumbo limeuma saa ngapi. Daktari alilisoma lote. Daftari la shilingi chache lilimsaidia kuliko maelezo yangu ya "anaumwa-umwa".

2. Msibadilishe chakula cha mgonjwa kwa huruma yenu. Ulizeni kwanza. Na msimpe kwa siri.

3. Jueni kilichomo. Unga wa lishe wa dukani mara nyingine umechanganywa na ngano. Kuna vitumbua vinavyotiwa unga wa ngano, na samaki huvingirishwa kwenye ngano kabla ya kukaangwa. Kwa sasa sisi tunaandika tu. Ikithibitishwa, tutatakiwa kuwa na chombo chake na mafuta yake, kwa maana hata chembe kidogo inadhuru.

4. Msimcheke mwenzenu mfupi au mwenye tumbo kubwa. Hamjui nyumbani kwao wanasubiri jibu gani.

MASWALI YENU

Swali: Ikithibitishwa ana siliaki, atakula nini?

Jibu: Hapa kwetu atakula vizuri kuliko mtoto wa Ulaya! Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, uji wa ulezi, ndizi, viazi, maharage, karanga, nyama, mayai, dagaa, mboga na matunda. Vyote kwa asili yake havina gluteni. Ila mashine ya kusaga isiwe imetoka kusaga ngano.

Swali: Na kipimo kikisema hana?

Jibu: Tutashukuru, kisha tutaendelea kutafuta. "Hana siliaki" nalo ni jibu, kwa sababu linafunga mlango mmoja na chapati zitabaki kuwa chapati tu.

Swali: Mimi naharisha kila nikila maandazi ya kantini. Nina siliaki?

Jibu: Huenda ni mafuta yaliyokaangiwa mara kumi, au mikono ya mpishi. Usijipe ugonjwa wala usijinyime chakula. Kama inaendelea zaidi ya wiki mbili, au unapungua uzito, au unaona damu kwenye choo, nenda zahanati ukaeleze.

Swali: Mama, huchoki kusubiri?

Jibu: Nachoka. Siku nyingine natamani waniambie ni ugonjwa wowote tu, mradi uwe na jina. Lakini mtoto hasubiri kulelewa. Anataka hadithi, anataka mpira, anataka kujua kwa nini treni ya Tabora inachelewa. Kwa hiyo tunampa hayo leo, na jibu la daktari litatukuta njiani.

JADILINI KATIKA KLABU YENU

- Kwa nini kuacha ngano kabla ya kipimo kunaweza kumdanganya daktari?
- Kama ungekuwa dada au kaka wa mtoto huyu, ungemjibu nini jirani aliyetaja meno ya plastiki, bila kumvunjia heshima?
- Andikeni vyakula vyote mlivyokula jana. Vingapi vilikuwa na ngano?