Taathira ya Simu na Kompyuta katika Uchumi wa Mataifa



Nimetakiwa kusema katika semina hii juu ya taathira ya teknolojia ya habari na mawasiliano katika kukua kwa uchumi wa mataifa. Nami, kwa kuwa jambo hili aghalabu husemwa kwa lugha ya sifa tupu, nitalitazama kwa jicho la tajiri wa duka, ambaye kabla ya kuisifu bidhaa huuliza imeleta faida gani, kwa nani, na baada ya muda gani.

Mwaka 1987 Robert Solow, bingwa wa elimu ya uchumi huko Marekani, alilalamika kwamba kompyuta zaonekana kila mahali isipokuwa katika hesabu za tija. Lalamiko lake lilikuwa la haki, kwani ofisi zilikwisha nunua mashine lakini ziliendelea kufanya kazi kwa taratibu zile zile za zamani. Na ilipofika mwaka 1995 hivi, taratibu zilipokwisha geuzwa, tija ya Marekani ikapanda kwa kasi, ilhali nchi nyingi za Ulaya, zilizokuwa na mashine za namna hiyo hiyo, zikabaki nyuma.

Lakini kulinganisha nchi na nchi kuna mtego wake, maana nchi tajiri ndiyo yenye uwezo wa kununua simu nyingi, na mtu hajui kama simu ndiyo iliyoleta utajiri au utajiri ndio ulionunua simu. Kwa sababu hiyo nawaombeni twende kwenye pwani moja tu, ya Kerala, kusini mwa Bara Hindi. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 walioshusha samaki wao katika ufuko wa Badagara hawakupata mnunuzi, wakawatupa. Na wakati huo huo, katika masoko yaliyokuwa ndani ya kilomita 15, walikuwapo wanunuzi 27 waliokosa samaki. Hapakuwa na uvivu wala uhaba: palikosekana habari tu. Minara ya simu ilipojengwa, sehemu moja ya pwani baada ya nyingine, nahodha akawa anauliza bei angali baharini, kisha ndipo aelekeze chombo. Mtaalamu wa uchumi Robert Jensen, aliyefuatilia mambo hayo hadi mwaka 2001, aliona kuwa faida ya wavuvi iliongezeka kwa asilimia 8, bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4, na kutupa samaki kukakoma. Na kwa kuwa minara haikufika kote kwa siku moja, aliweza kupambanua sababu na matokeo.

Kwetu Afrika ya Mashariki, M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ilianza Kenya mwaka 2007, na utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kwamba asilimia 2 ya kaya za Kenya zilitoka katika ufukara kwa sababu yake, hasa kaya zinazoongozwa na wanawake, na kwamba wanawake wengi waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara.

Hata hivyo, yule mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo, na aliweza kukielekeza atakako. Mkulima aliyekwisha kula fedha ya mlanguzi kabla ya mavuno, na ambaye barabara ya kwao haipitiki wakati wa masika, hata akiijua bei ya mjini kila saa, mazao yake atayauza pale pale mlangoni pake kwa bei ya mdai wake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa ya teknolojia ile ile kutajirisha nchi moja na kuiacha nyingine ilipokuwa.

Kwa hiyo naiomba semina hii, itakapoandika maazimio yake, isiridhike na kuhesabu minara iliyosimamishwa na laini zilizouzwa, bali itake ijulikane, wilaya kwa wilaya, bei ya kifurushi cha simu ni sehemu gani ya ujira wa kutwa, na kama aliyepata habari ya bei ana njia ya kuifikisha mali yake sokoni.