Nyuzi Mpya za Besi



Katika taarabu ya Unguja hupigwa fidla kubwa isimamayo sakafuni, nayo ndiyo besi. Ina nyuzi 4. Je, zikichakaa zitiwe zipi?

Zamani nyuzi hizo zilikuwa za utumbo wa kondoo. Sauti yake ni nene na ya upole, lakini utumbo hunywa unyevu wa hewa, na huku pwani utatuniza kutwa. Katikati ya karne ya 20 zilienea nyuzi za chuma. Hizo hushika sauti na kuvuma muda mrefu, walakini huvuta kwa nguvu zaidi. Besi kuukuu ikifungwa chuma kizito, ubao wake wa mbele waweza kubonyea. Mpigaji wa taarabu, adonoaye kwa vidole kuliko kutumia upinde, naona atafute chuma chepesi, akakifute jasho kila apigapo, kisishike kutu.

Tena, usifungue nyuzi zote pamoja! Ndani ya besi mna kijiti kisichotiwa gundi. Kimesimama kwa kubanwa tu, na mkazo wa nyuzi hukisaidia. Zikilegea zote, daraja huanguka, na kijiti chaweza kuanguka nalo. Kukisimamisha tena ni kazi ya fundi. Badili uzi mmoja, ukaze, ndipo uuendee wa pili.