Shukrani Yetu kwa Safari Tuliyorudi Salama
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Misa ya Jubilei ya Miaka 25

Baba Paroko, watawa, mwenyekiti wa baraza la parokia, wazee wa jumuiya ndogo ndogo, kwaya rafiki mliotoka karibu na mbali, wazazi wetu na wanakwaya wenzetu: karibuni nyote Burnt Forest. Mliotoka sehemu za joto, mtuvumilie kwa baridi hii. Chai ipo ya kutosha nyuma ya ukumbi.

Historia ya kwaya na majina ya waanzilishi yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutayarudia. Kamati ilituomba tueleze jambo moja tu: kwa nini Misa hii tumeiita ya shukrani, na shukrani hiyo inatudai nini. Katika miaka 25 tumejaliwa mengi, lakini ukimwuliza mwanakwaya yeyote, la kwanza atakalokutajia ni usiku wa Timboroa.

Wengi mlisikia vipande vipande. Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumetoka Nakuru kwenye tamasha la kwaya. Ratiba ilichelewa, tukaondoka giza limekwisha kuingia, watu 31 katika basi dogo la kukodi, ngoma zikiwa chini ya viti na kinanda mapajani mwa besi. Hadi Mau Summit tuliimba. Kuanzia hapo ukungu ukaanza, na ninyi wenyeji mnaujua ukungu wetu: stesheni ya reli ya Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na wingu likishuka pale taa za gari huona ukuta mweupe tu.

Mama mmoja wa sauti ya pili akainuka, akashika kiti cha dereva, akasema, "Kijana wangu, ukungu huu hauna haraka. Punguza mwendo, tutafika." Vijana wa nyuma waliguna, maana kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Dereva hakujibu, lakini alishusha gia.

Hazikupita dakika kumi. Mbele ya taa tukaona matawi mabichi yamelazwa barabarani. Dereva akakanyaga breki. Nyuma ya matawi, kwenye kona, lori lilikuwa limeharibika katika upande wetu, halina taa hata moja. Kulia, kutoka upande wa Eldoret, trela lilikuwa linakuja. Pa kukwepea hapakuwapo. Basi liliteleza kidogo kwenye lami iliyolowa, kisha likasimama. Trela likapita, vioo vikatetemeka. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye bodi la lori zilikuwa hatua nne.

Hakuna aliyepiga kelele. Ndani ya ukungu akatokea utingo wa lori, panga mkononi na matawi mengine kwapani, anatetemeka kwa baridi. Gari lao halikuwa na zile pembetatu nyekundu ambazo sheria inataka kila gari libebe. Alikuwa akikata matawi tangu jioni, na kila ukungu ulipozidi alirudi kuyapanga mbali zaidi ili dereva ayaone mapema. Tulimpa mkate, chai iliyobaki kwenye chupa na shuka moja. Kwa mshtuko, hata jina hatukumwuliza.

Ndugu zetu, hapa ndipo shukrani inapotaka uangalifu. Barabara hii inayopita sokoni kwetu ndiyo ile inayotoka Mombasa kwenda Malaba, na hubeba mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Ni ndefu, na ina makaburi mengi. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, lori la petroli lilipinduka na kuwaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, kwenye barabara hiyohiyo ya Nakuru kuja kwetu, basi na lori viligongana na watu 36 hawakuuona mwaka mpya. Na kwenye barabara jirani ya Nakuru kwenda Kericho, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika njiapanda ya Londiani, likawavamia wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha.

Hao nao walikuwa watu wa sala. Nao walikuwa na mama zao waliowaombea kabla ya safari. Kwa hiyo hatuwezi kusimama hapa na kusema kwamba Mungu alitupenda sisi kuliko wao. Shukrani ya namna hiyo ingekuwa tusi kwa wafiwa, na baadhi yao huenda wameketi humu leo. Tunachoweza kusema ni kile tulichokiona: usiku ule Mungu alitumia watu watatu. Mama aliyethubutu kusema. Dereva aliyekubali kusikia. Na kijana asiyetujua, aliyeacha joto la kabini ya lori akaenda kukata matawi kwa ajili ya gari ambalo lilikuwa bado halijafika.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mara nyingine ni kweli. Lakini usiku ule kinga ilikuwepo, na ilikuwa na mikono ya watu. Basi tukiishia kuimba aleluya na kurudi katika mazoea yetu, tutakuwa tumetoa shukrani ya punda.

Kwa sababu hiyo kwaya imejiwekea taratibu, nasi tunazisema hadharani ili mtudai. Hatusafiri usiku, tamasha likichelewa, tunaomba malazi kwa wenyeji, hata kama ni sakafu ya ukumbi. Chakula na mapumziko ya dereva yamo katika bajeti ya kila safari. Sote tunafunga mikanda, ile ambayo kanuni za mwaka 2004 ziliilazimisha katika matatu zetu. Na mwanakwaya yeyote, hata mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na hakuna atakayemguna. Wazazi mliowazuia vijana wenu kusafiri nasi tangu usiku ule, hatuwalaumu. Tunawaomba mzisikie taratibu hizi, kisha muamue upya.

La mwisho ni matoleo ya leo. Mliambiwa kwamba yatanunua kinanda kipya. Baada ya majadiliano marefu, kamati imeomba, na Baba Paroko amekubali, kinanda kisubiri. Fedha za leo zitanunua pembetatu na vizibao vya kuakisi mwanga kwa watu wetu wanaotangulia barabarani kabla ya mapambazuko: pikapu za viazi, vijana wa boda boda wanaobeba maziwa, na wenye mikokoteni ya punda. Huyo utingo hatutampata tumlipe. Lakini atakayefuata nyuma yetu gizani tunaweza kumwekea alama.

Chakula kitakuwa tayari saa saba kamili, na hotuba zote zimefupishwa makusudi. Wageni wa mbali, kuleni mshibe, kisha mwondoke kabla ya saa kumi, ukungu haujashuka. Tutawasindikiza hadi barabarani kwa wimbo.