Kwanza Tope, Kisha Mti: Funzo Kutoka Pwani ya Demak

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Amma baad.

Ndugu zangu, leo nakusudia kuzungumzia ardhi inayoliwa na bahari. Huko Demak, kaskazini mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, wanaishi ndugu zetu Waislamu, wavuvi na wafugaji wa kamba wa baharini. Katika miaka ya 1980 mikoko ya pwani ile ilifyekwa ili yachimbwe mabwawa ya kamba. Faida ilipatikana, lakini ngao iliondoka. Bahari ikaingia ndani, na mabwawa, nyumba, hata makaburi yakafunikwa na maji.

Je, dawa ilikuwa ukuta wa mawe? La. Penye tope laini, ukuta mgumu huyarudisha mawimbi, nayo huchukua tope lililo mbele yake, hata msingi ukabaki wazi. Kupanda miche nako hakukutosha, kwani mche hauwezi kushika pale ambapo tope limekwisha kuondoka.

Ndipo, kuanzia mwaka 2015, wanakijiji, serikali na wataalamu wakajenga nyua za nguzo na matawi majini, mfano wa nyua wanazotegea samaki wavuvi wetu. Ua huo hauzuii maji. Huvunja nguvu ya mawimbi tu. Maji hupita na tope lake, na yanapotulia nyuma ya ua, tope hutua. Chini panapoinuka vya kutosha, mbegu za mikoko zinazoelea hujishikiza na kuota zenyewe.

Hata hivyo, tusidanganyike. Nguzo huliwa na wadudu wa baharini, hivyo ua hutaka matengenezo kila mara. Tena ardhi ya pale inadidimia, kwa sababu ya maji mengi yanayovutwa kutoka chini yake, hasa upande wa mji jirani wa Semarang. Panapodidimia kwa kasi, tope linalotua halitoshi kufidia.

Ndugu zangu, kilichofyekwa kwa miaka michache hakirudi kwa wepesi. Sisi wa pwani hii tungali na mikoko, nasi twaikata kwa boriti, kuni na tanuri za chokaa. Nashauri kila kamati ya msikiti iliyo jirani na mikoko ikae na wavuvi na wakataji, wakubaliane mahali pasipoguswa, na wakataji watafutiwe riziki nyingine. Tusingoje mpaka maji yafike makaburini.

Wabillahi tawfiq.