Gharama ya Habari Kupanda Ngazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Kila tuombapo nyongeza ya mshahara twaambiwa kwamba wafanya kazi wa chini ni gharama kubwa. Leo nataka tuitazame gharama nyingine isiyosemwa sana: ile ya kuipandisha habari kutoka njiani mpaka kwa bwana mkubwa, na kuishusha amri.

Sisi watu wa reli tuna haki ya kulisema jambo hili. Daniel McCallum alikuwa msimamizi mkuu wa reli ya New York na Erie, Marekani. Katika ripoti yake ya mwaka 1856 alieleza kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 aweza kuiangalia kazi kwa macho yake mwenyewe. Wa maili 500 hawezi, na pasipo utaratibu mzuri gharama ya kila maili huzidi. Akapanga ngazi za wasimamizi, na kwa telegrafu akaletewa habari za treni kila saa. Lakini madereva waligoma mwaka 1854 kuzipinga kanuni zake.

Gharama hiyo hupimwaje? Tuseme ziko ripoti 8, kila moja husomwa kwa nusu saa. Mtu mmoja atamaliza kwa saa 4. Wakiwekwa makarani 4, kila mmoja ripoti 2, watamaliza kwa saa 1. Kisha mkubwa asome mihtasari yao 4 kwa saa 2. Jibu limepatikana kwa saa 3, lakini saa za kulipwa ni 6. Tumeokoa saa 1 ya kungoja, tumelipa saa 2 zaidi.

Tena habari hupotea. Kila daraja likipoteza sehemu 1 katika 10, katika 100 baada ya madaraja 3 zabaki karibu 73.

Sisemi wasimamizi hawana kazi. Treni mbili katika njia moja zataka mwamuzi. Lakini daraja lisiloharakisha jibu wala kulisahihisha ni mzigo. Mtu wa gangi aonaye reli imepasuka hutoa bendera nyekundu, hangoji barua.

Basi wajumbe wetu wakiketi mezani na waulize: karatasi hii hupita mikono mingapi? Hulala siku ngapi katika kila meza? Nasi tuandike tarehe ombi lilipopelekwa, na tarehe jibu liliporudi. Mwenye daftari hashindwi kwa maneno matupu.