Mgombea na Mto Wake



Katika semina ya idara yetu, mwenzangu mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba anayetaka kumjua mwanasiasa asijisumbue na misimamo yake kuhusu barabara, mito na mikopo. Amtafute katika imani zake kuu. Yaliyobaki ni siasa za mitaro. Nimekuja jioni hii kuipinga kauli hiyo, na shahidi wangu ni waraka wa mgombea mmoja wa bunge la jimbo, waraka ambao wasomi wengi huusoma kwa kurukaruka.

Mgombea ni Abraham Lincoln. Waraka aliuandika tarehe 9 Machi 1832 kwa watu wa kaunti ya Sangamon, Illinois, ukachapishwa katika gazeti la Sangamo Journal. Alikuwa na umri wa miaka 23, akiishi katika kijiji cha New Salem, hana mali wala jamaa wenye vyeo, na shule yote aliyosoma ukiijumlisha haifiki mwaka mmoja.

Waandishi wa wasifu wake huikimbilia aya ya mwisho, pale kijana anaposema kwamba tamaa yake kubwa ni kuheshimiwa na watu kwa kustahili heshima hiyo. Ni aya nzuri. Lakini hao wapiga kura walioandikiwa walitangulia kusoma habari za mto, na mto ndio uliochukua sehemu kubwa ya waraka. Nasi tuwafuate.

Watu wa Sangamon walihitaji njia ya kupeleka mazao sokoni, na wengi walitaka reli kutoka mto Illinois, ipitie Jacksonville hadi Springfield. Lincoln hakuikejeli. Alikiri kwamba hakuna njia iliyo bora kuliko reli. Kisha akataja bei: dola 290,000, kadiri ya makisio ya wakati ule, na akasema kwamba mzigo huo unazidi uwezo wao ulio mchanga. Badala yake akapendekeza kusafisha mto Sangamon, kuondoa magogo yaliyokwama, na kule chini, mto unapojipinda mno, kukata njia iliyonyooka katika ardhi ya majani ili maji yenyewe yaichimbue.

Alijuaje? Anaeleza. Mwaka 1831 yeye na wenzake walijenga mashua bapa kando ya mto huo, wakashuka nayo; aliporudi akafanya kazi kwenye kinu cha New Salem, akawa anaangalia kina cha maji msimu hadi msimu. Na kuhusu gharama ya mpango wake mwenyewe? Anasema hawezi kuitaja. Hapa ndipo ninapomshangaa kijana huyu. Amempiga mpinzani kwa tarakimu, naye yuko tayari kusema mbele ya wapiga kura kwamba tarakimu ya upande wake hana.

Nilipokuwa masomoni Marekani nilikwenda New Salem, ambako kijiji kimejengwa upya, nikashuka hadi mtoni. Nilikuta maji ya rangi ya udongo, kingo za matope, na gogo limejikita katikati ya mkondo. Nikaelewa kwamba ule waraka uliandikwa na mtu aliyeyasukuma magogo ya namna ile kwa mikono yake.

Yaliyobaki katika waraka Lincoln anayapitia kwa kifupi. Riba ya kinyonyaji idhibitiwe kwa sheria, ingawa mwenye shida kubwa atapata tu njia ya kuikwepa. Elimu ni jambo kuu kuliko yote ambayo taifa linaweza kujishughulisha nayo, lakini haelekezi mfumo wake uwe upi. Sheria za mifugo iliyopotea, za kukamata mali za wadaiwa na za barabara zina kasoro. Hata hivyo waliozitunga huenda wana hekima kumzidi, hivyo hatazigusa mpaka wengine waanze.

Mwenzangu atasema mpango wa mto haukufaulu. Ni kweli. Mwezi huohuo wa Machi 1832 boti ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda Sangamon, Lincoln akiwa miongoni mwa waliokata matawi kuifungulia njia. Maji yakapungua, ikabidi irudi, na ilipofika New Salem ilibidi sehemu ya ukuta wa bwawa la kinu ibomolewe ili ipite. Agosti Lincoln alishindwa, akawa wa 8 kati ya wagombea 13. Lakini tazameni kura za New Salem: 277 kati ya 300. Waliouona mto na kumwona yeye walimwamini.

Sasa linganisheni na tamko lake la Juni 1836. Ni fupi, na ndani yake mna kanuni kubwa: wenye kulipa kodi au kubeba silaha wapige kura, hata wanawake, ila kwa sharti kwamba ni weupe. Anataka pia fedha za mauzo ya ardhi ya umma zigawiwe majimbo, yachimbe mifereji na kujenga reli bila kukopa. Mwaka uliofuata, akiwa sasa mbunge wa jimbo, yeye na wenzake walipitisha mpango wa zaidi ya dola milioni 10, kwa mkopo. Mapema miaka ya 1840 Illinois ilishindwa hata kulipa riba. Kanuni haikumzuia, kilichokosekana ni ile bei ya mwaka 1832 iliyosemwa mapema na kwa sauti.

Pingamizi zito zaidi ni utumwa, ambao haumo katika waraka wa 1832. Nakubali: misimamo ya mtaani haifunui kila kitu. Lakini someni tamko la kupinga aliloliandika na mbunge mwenzake Dan Stone tarehe 3 Machi 1837. Anasema utumwa ni dhuluma, kisha anaweka mipaka: wapi bunge la taifa lina mamlaka, wapi halina. Kwangu hiyo si hatua ya kutosha kwa waliokuwa utumwani. Ila namna ya kufikiri ni ileile ya mtoni: nimeona nini, naweza nini, naishia wapi.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mgombea wa bunge la jimbo apimwe kwa maswali matatu. Jambo hili umelishuhudia wewe mwenyewe? Litagharimu kiasi gani, na nani atalipa? Ni lipi hulijui? Asiyeweza kuyajibu kuhusu mto wa kwao hatayajibu kuhusu taifa. Na sisi wa vyuo tuna wajibu: nyaraka za wagombea wa ngazi za chini ziingie katika mitaala yetu kama maandiko ya kusomwa mstari kwa mstari, na mwanafunzi asihitimu sayansi ya siasa kabla ya kuchambua walau waraka mmoja wa namna hiyo, mtaro kwa mtaro.