Kusahihishana Picha za Miradi Bila Kuvunjana Moyo

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa kamati za parokia na wafadhili katika semina ya uandishi wa taarifa)



Kila robo mwaka taarifa za miradi huja na picha. Wanaozipiga si mafundi. Ni makatibu, walimu na vijana wanaojitolea kwa simu zao. Hata hivyo, picha hizo ndizo macho ya mfadhili aliye mbali. Ndiyo maana namna tunavyozijadili si jambo dogo.

Katika vikao vyetu kuna njia mbili zisizojenga. Ya kwanza ni kusifu tu: "Picha nzuri, Mungu akubariki." Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ya pili ni kukemea mbele ya watu: "Hii nayo ni picha?" Kijana aliyeambiwa hivyo, safari ijayo ataleta maandishi matupu.

Napendekeza hatua tatu kwa anayetoa maoni.

Kwanza, eleza unachokiona kabla ya kuhukumu. "Mama Katibu, naona watu kumi na wawili wamejipanga mstari, na bango. Kisima kiko nyuma yao." Kama alitaka kuonyesha kwamba maji yanatoka, atatambua mwenyewe kuwa maji hayaonekani.

Pili, taja kilichofaulu, na sababu yake. "Mikono ya huyu bibi kwenye pampu inaonyesha kazi" ni sifa inayomsaidia mpiga picha kurudia jambo jema.

Tatu, taja jambo moja linalorekebishika, na useme namna ya kulirekebisha. Nyuso zikiwa nyeusi, huenda picha ilipigwa saa sita mchana, jua la utosini likatia kivuli machoni. Wahamishie watu chini ya mwembe, au nenda asubuhi mapema. Picha ikiwa na ukungu, futa lenzi kwa kitambaa safi. Watu wakionekana wadogo, sogea kwa miguu badala ya kukuza picha kwenye simu. Tena, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora; itume kama faili. Tusimlaumu mpiga picha kwa kosa lililotokea njiani.

Katika yote haya, sema "picha imepinda", usiseme "wewe hujui kupiga."

Nawe unayepokea maoni, sikiliza mpaka mwisho. Usiharakishe kujitetea, maana hutakuwepo kumweleza mfadhili atakapoiangalia picha hiyo. Kuuliza si ujinga, uliza: "Wewe ungesimama wapi?" Si lazima ukubali kila neno, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwepo. Lakini shukuru, kisha ukajaribu.

Ndugu zangu, yupo mtu wa tatu ambaye mara nyingi hatumkumbuki: yule aliyepigwa picha. Mwezi Machi 1993, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya Kevin Carter wa Afrika Kusini: mtoto aliyedhoofika kwa njaa huko Sudan, na tai nyuma yake. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Lakini wasomaji wengi hawakuuliza habari za mwanga wala kamera. Waliuliza: mtoto yule alipatwa na nini? Gazeti lililazimika kutoa maelezo, nalo halikuwa na jibu kamili.

Swali hilo litangulie maswali yetu mengine yote. Je, mhusika alikubali? Kama ni mtoto, mzazi alielezwa picha itakwenda wapi? Je, angefurahi kuitundika ukutani kwake? Mgonjwa aliyepigwa akiwa nusu uchi hasitiriwi na mwanga mzuri. Hapo hatusemi "sogea karibu kidogo". Tunasema "picha hii isitumwe", na tunaeleza kwa nini.

Wafadhili wetu, nanyi mnatoa maoni hata msipokusudia. Mkiomba "picha zinazogusa zaidi", kamati husikia kwamba yanatakiwa machozi. Ombeni picha inayoonyesha kilichobadilika: daftari la wagonjwa wa zahanati, bomba linalotoa maji, fundi akiezeka paa. Na mkipokea picha njema, andikeni mistari miwili kueleza imewafundisha nini. Barua hiyo itasomwa kwenye kikao, na kijana aliyeipiga atapata nguvu.

Naomba jambo moja. Katika kikao kijacho tengeni dakika ishirini. Wekeni picha tatu mezani, mpitie hatua hizi, na mmwalike angalau mmoja wa waliomo kwenye picha. Yeye aseme wa kwanza.